Clementina na Barua ya Kumwita Mzazi

Jumatano ile, saa sita kasoro, foleni imefika mlangoni na mimi nimeshika upawa, Clementina akaja kusimama mbele ya kaunta yangu. Hakutaka supu. Hakutaka chai. Alitaka mtoto wa watu.

"Shoga, Aurore umemwona leo?"

"Leo nimeona vichwa mia mbili vyenye njaa. Sogea, unazuia watu."

"Na jana?"

"Clementina!"

"Na juzi pia hukumwona. Nilijua tu." Akatoa daftari lake, akaandika kitu, akaondoka bila kuaga. Mwanafunzi aliyekuwa nyuma yake akaniuliza kwa Kiingereza kama yule mama ni polisi. Nikamwambia afadhali angekuwa polisi. Polisi wana siku za mapumziko.

Chuo chetu kiko North York, Toronto. Mimi napika kantini, huu mwaka wa kumi na moja, na wanafunzi wananiita Mama Supu ingawa napika na vingine. Clementina yuko ghorofa ya pili, ofisi ya kuwasaidia wanafunzi Weusi. Ukisikia ofisi usifikirie makubwa: ni chumba kimoja, viti vitatu, na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Kazi yake ilivyoandikwa kwenye karatasi ni kutuma barua pepe, kupanga masomo ya ziada na kukaa kwenye mikutano. Kazi yake anavyoifanya yeye ni nyingine kabisa, na nusu ya hiyo ananifanyisha mimi.

Ni mtu wa Bukoba, mfupi, mwendo wake kama aliyeacha maziwa jikoni. Zipu ya buti lake la kushoto ilikufa majira ya baridi ya mwaka juzi. Analifunga kwa kamba ya raba, na ukimwambia anunue buti jingine anakujibu kwamba hilo bado linatembea. Chumvi ya barabarani imelichora mpaka juu. Na ndilo hilo hilo analokwenda nalo mikutanoni.

Ukitaka kujua tabia ya kuwinda watoto wa watu kaitoa wapi, kaa kitako kwanza, maana atakupeleka Alabama. Huko ndiko alikosoma, chuo cha Wamarekani Weusi, kidogo, cha zamani, cha matofali mekundu. Alifika na sanduku moja kwa ufadhili wa kanisa, binti wa miaka ishirini. Muhula haujafika katikati, malaria aliyotoka nayo nyumbani ikampanda. Akajifungia chumbani siku mbili, hajui amwambie nani. Siku ya tatu mlango ukagongwa. Alikuwa Bi Clara, karani wa ofisi ya usajili. Si daktari, si mwalimu, karani tu, kofia ya kanisani kichwani na bakuli la uji mkononi. Mpishi ndiye aliyeona kwamba yule msichana wa Afrika hajaja kula. Mpishi akamwambia karani, karani akamwambia mwalimu wa kemia, mwalimu wa kemia akatoa gari lake wakampeleka hospitali. "Hapa hatupotezi mtoto kwa uvivu wa kugonga mlango," ndivyo alivyosema Bi Clara, na ndivyo Clementina anavyolirudia neno hilo, mpaka nikitungiwa mtihani wa Bi Clara nitapata mia kwa mia.

"Sasa wewe ndiye mpishi," aliniambia siku tuliyojuana, kama mtu anayegawa vyeo. Hakuniuliza kama nakitaka.

Toronto si Alabama. Hapa utaratibu ni huu: mwanafunzi asipoonekana, mtumie barua pepe. Kimya? Mtumie ya pili. Bado kimya? Ya tatu, kisha andika kwamba hajajibu na ufunge faili. Mkubwa wake Clementina, bwana mmoja mwenye shati lisilojua kukunjamana, anaupenda utaratibu huo kama mama anavyompenda kitinda mimba.

Sasa huyo Aurore. Ana miaka ishirini, anasomea uuguzi, wazazi wake watu wa Bukavu, wanakaa Brampton, mji wa jirani. Ukimsalimia kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, lakini bakuli hulipokea kwa mikono miwili, na hapo unajua kalelewa. Ijumaa iliyotangulia alilia juu ya supu yangu mpaka ikaongezeka chumvi. Alikuwa amefeli mtihani wa hesabu za dawa. Kwa alama mbili. Mbili! Kuna marudio Jumatatu, lakini ili aruhusiwe kuingia ni lazima asaini fomu mbele ya Clementina kabla ya Ijumaa, saa kumi jioni. Asiposaini, nafasi imekwenda, asubiri mwaka mzima. Na sisi tunawajua watu wetu. Mwaka wa kusubiri ni mwaka wa kubeba vifurushi ghalani, na ghala likishamzoea mtoto halimwachii.

Nilimwambia nenda kamwone Clementina. Akaitikia kwa kichwa, akapotea. Barua tatu zikatumwa, kimya. Simu imezimwa.

Alasiri ile ile ya Jumatano akaja Willy, kijana wa Kirundi anayesoma naye darasa moja. Nikalizuia bakuli lake.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Aurore? Mama Supu, si wamemfukuza."

"Nani kamfukuza?"

"Chuo. Kaniambia mwenyewe. Jumatatu anaanza kazi ghalani, anakofanya baba yake. Naomba pilipili."

Pilipili alijitilia mwenyewe. Mimi nilipanda ngazi na aproni yangu.

"Umemfukuza mtoto?"

Clementina akainua uso. "Mimi? Kwa mamlaka gani? Hata mashine ya kahawa ya humu hainitii."

Nikamweleza. Akaenda kwa mkubwa wake, nikamsikia kupitia ukuta, maana kuta zenyewe ni za karatasi. Bwana akamwambia kwa upole kwamba barua tatu zimekwenda na wajibu umetimizwa. Clementina akarudi, akaketi, akafungua daftari, akalifunga.

"Kesho unatoka saa ngapi?"

"Saa nane. Na nakwenda nyumbani kulala."

"Unajua wanakokaa."

Najua, kwa bahati yangu mbaya. Mwezi wa kwanza, siku ya dhoruba ya theluji, mabasi yamesimama, nilimpeleka Aurore mpaka mlangoni. Tenda wema wende zako, walisema wazee. Hawakumjua Clementina. Yeye anakufuata ulikokwenda, anakurudisha kwenye wema wako.

Yeye gari hana. Ameshindwa mtihani wa udereva mara tatu, na ndiyo maana, nadhani, anawapenda hivyo waliofeli. Alhamisi tukapanda gari langu. Barabara ya 401 ilikuwa imesimama kama foleni ya kantini, ya 410 vivyo hivyo, na njia nzima Clementina akikanyaga breki ya upande wake, ambayo haipo.

"Umekaribia sana lile lori."

"Unataka kuendesha?"

"Nasema tu."

Tulifika saa tisa na nusu. Wanakaa chini ya nyumba ya watu, mlango wa pembeni, ngazi tano za kushuka. Clementina akagonga. Kasauti ka kitoto, ka msichana, kakajibu kwa Kiingereza kwamba hakuna mtu nyumbani.

"Na wewe ni nani?" nikauliza.

Kakajibu: "Mimi ni hakuna mtu."

Ndani mtu mzima akasema shh. Clementina akanitazama. Akagonga tena, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kutosha mtaa mzima, "Aurore, ni mimi Clementina wa chuoni, nimekuja kwa wema!" Taa ya ndani ikazimwa.

Hivyo ndivyo alivyotukuta Baba Aurore, wanawake wawili wazima tumesimama kwenye shimo la ngazi tunaongea na mlango. Ametoka zamu, kizibao cha kung'aa bado kifuani. Jina lake Félicien, mtu mrefu, mtaratibu. Alipotambua sisi ni watu wa chuo, alivua kofia katika baridi ile na uso wake ukamshuka.

"Mama, mutusamehe," akasema. "Mutusamehe sana. Hamukupaswa kufika mpaka hapa na ile baridi."

Akafungua, akatukaribisha, akatupa viti viwili vizuri. Akaingia chumbani, akarudi amevaa koti la suti juu ya nguo za kazi. Aurore akatokea nyuma yake, macho yamevimba. Mdogo wake, yule hakuna mtu, amejificha kwenye sketi yake.

Clementina akamgeukia binti kwanza. "Ni mambo yako, na wewe ni mtu mzima. Niseme mbele ya baba?" Aurore akaitikia kwa kichwa.

"Baba Aurore, pole na kazi. Tumekuja kwa ajili ya..."

"Tunajua, Mama. Barua tuliipata. Hatuna neno la kupinga. Ile mutoto alishakosea, na siye wazazi tulishakosea."

"Hakuna cha kupinga. Mtoto hajafukuzwa."

"Aksanti, Mama. Mungu akubariki kwa kututia moyo."

"Sikutii moyo! Nakwambia hajafukuzwa."

"Aksanti sana. Mutu wa cheo kama weye, na unasema na siye kwa upole."

Jamani, nimeona wabishi katika maisha yangu, lakini mbishi wa heshima sikuwahi kumwona. Kila neno Clementina alilotoa, yule baba alilipokea kwa mikono miwili na kuliweka pembeni kama zawadi. Mara ya tatu akasimama, akaunganisha viganja, akafumba macho tuombe ili tuagane vizuri. Hapo nikashindwa.

"Baba Aurore, Mungu anisamehe, fumbua macho! Mtoto ana mtihani Jumatatu! Mtihani! Anayefukuzwa anapewa mtihani?"

Akafumbua. Akamtazama binti yake, akanitazama mimi. Kisha akaenda kabatini, akachukua Biblia, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ni barua ya Clementina. Waliichapisha.

"Sasa hii?" akasema, na kidole chake kikubwa kikaenda moja kwa moja mstari wa mwisho.

Clementina akasoma. Nami nikasoma begani kwake, Kiingereza changu cha jikoni kikatosha. Njoo ofisini kwangu kabla ya Ijumaa saa kumi. Halafu chini kabisa: unaweza kuja na mzazi, ukipenda.

"Ubaya uko wapi hapo?" Clementina akauliza.

Félicien akaketi kwenye ukingo wa kochi.

"Nilikuwa mwaka wa tatu wa sekondari," akasema. "Prefe, ule mukubwa wa shule, alinipa barua: kuja na muzazi. Baba alivaa koti la ndugu yake. Tulitembea toka saa kumi na moja ya asubuhi. Hatukuingia hata mu ofisi. Prefe alitoka inje, akasoma jina langu mbele ya wanafunzi wote, akamwambia baba, beba kitu yako, enda nayo. Kitu yako, ndiyo miye. Baba hakusema neno mpaka nyumbani. Hakulisema mpaka alikufa." Akaikunja barua upya, taratibu, kwa mikunjo yake ile ile. "Barua kama hii ikakuja hapa, na jina la mutoto wangu. Nikasema, huyu sitamutembeza ile njia. Bora atoke mwenyewe, bila watu kumwangalia."

Aurore alikuwa analia tena. Kumbe alijua kuna marudio, alitaka kuja, lakini baba kasema imekwisha, na kwao baba akisema imekwisha imekwisha.

Clementina akanigeukia mimi, si wao. "Ule mstari niliuongeza mwenyewe. Barua ya chuo haina. Bi Clara alikuwa akiuandika chini ya kila barua. Njoo na watu wako kama wako karibu. Wakija alikuwa anawapa chai."

"Basi wewe na Bi Clara wako mmemfukuza mtoto wa watu kwa wema."

"Ndiyo," akasema. Na kwa jinsi alivyolisema nikajuta.

Lakini sikujuta sana, maana Félicien alipoelewa hatimaye, alipouliza mara mbili na kujibiwa mara mbili, mimi nikasema haya basi, toa fomu asaini, tuondoke kabla barabara haijajaa zaidi. Clementina akashika mkoba wake. Akaupekua. Akaacha kuupekua.

"Fomu iko ofisini."

Tumetoka North York mpaka Brampton, saa moja na nusu, kumtafuta mtu asaini fomu, na fomu iko ofisini! Mwanamke kabeba daftari, kabeba dawa ya mafua, kabeba hata biskuti, fomu kaiacha mezani. Nilitoka nikawashe gari. Nilihitaji kuongea peke yangu.

Huko nyuma wakapatana kwamba Aurore atakuja kesho yake kabla ya saa kumi, na baba naye atakuja. Clementina akamwambia si lazima, ana zamu. Akajibu: "Barua imesema muzazi. Muzazi atafika."

Ijumaa ikanyesha mvua ile inayoganda ikigusa chini. Saa tisa hawajafika. Saa tisa na nusu hawajafika. Nilimaliza kuosha masufuria, nikapanda juu, ofisi tupu. Nikamkuta Clementina nje ya mlango mkuu, hana koti, fomu kaifunika kifuani kwa mfuko wa plastiki.

"Utakufa hapa nje."

"Basi linapita pale."

"Basi halipiti kwa sababu unalitazama. Ingia ndani!"

Hakuingia. Nikavua sweta langu nikampa, nami nikabaki na aproni, wajinga wawili badala ya mmoja. Saa kumi kasoro robo nikaona mtu mrefu anakuja kwa miguu kutoka upande wa barabara ya Finch. Koti la suti, viatu vya kanisani vinateleza kila hatua, sufuria kubwa limefungwa kitenge kifuani, na binti kamshika kiwiko asianguke. Basi lilikwama vituo viwili nyuma.

"Tumetembea," Félicien akasema, akihema.

Clementina alitazama pembeni, kule kwenye magari, kwa muda. Kisha akasema, "Karibuni ndani. Twendeni ofisini," na akamfungulia mlango kwa mikono yote miwili.

Saa kumi kasoro dakika nane Aurore alisaini. Nikashusha pumzi. Félicien akainama juu ya meza.

"Na muzazi anaweka wapi?"

"Mzazi haweki, Baba. Ni mwanafunzi tu."

"Aa," akasema, na akaanza kurudi nyuma.

Kasoro dakika sita. Mkubwa wa Clementina anasubiri fomu chumba cha pili, na saa kumi anafunga kompyuta yake hata paa liwe linawaka. Na Clementina anafanya nini? Anatafuta rula.

"Clementina, muda!"

"Naona saa."

Akaweka rula chini ya sahihi ya Aurore, akapiga mstari, taratibu, umenyooka. Chini yake akaandika: Mzazi. Akageuza fomu, akampa kalamu. Félicien akaandika jina lake lote, la ubatizo, la ukoo na la baba yake, kila herufi peke yake, kama anachonga. Akamaliza kasoro dakika mbili. Clementina alikimbia na lile buti la kamba, na kupitia ukuta nikamsikia bwana akiuliza huu mstari wa chini ni wa nini, na Clementina akimjibu kwamba utaratibu haukuukataza.

Sufuria lilikuwa na samaki na ugali. Clementina akaanza kueleza kwamba wafanyakazi hawaruhusiwi kupokea zawadi, na nikaona uso wa yule baba unaanza kushuka kama jana. Nikamkanyaga mtu buti.

"Zawadi iko wapi? Mimi naona chakula kinapoa."

Tukala humo humo, viti vitatu, Félicien kasimama na kakataa katakata kuketi. Alizungusha macho: meza, daftari, dirisha, magari nje yamevaa barafu.

"Kumbe ofisi yenyewe ni kadogo hivi," akasema.

Jumanne iliyofuata, saa ya foleni, mikono miwili ikanyooshwa kupokea bakuli. "Nimepita, Mama Supu," kwa Kiswahili, na lafudhi ya Brampton juu yake.

"Hongera. Sogea, unazuia watu," nikamwambia, na nikamwongeza nyama.

Clementina hajabadilika. Buti ni lile lile, na juzi kaniuliza kama najua njia ya kwenda Pickering, kwa mwanafunzi mwingine. Ila barua zake sasa zina mstari mpya, tena umekaa juu kabisa kabla hata ya salamu: Hujafukuzwa. Mkubwa wake kamwandikia mara mbili auondoe, kwamba unawatia watu hofu ambayo hawakuwa nayo. Clementina hajamjibu. Anangoja ya tatu, ili bwana aandike kwamba hajajibu na afunge faili.